Viti Nje ya Nyumba ya Barthélemy

Barthélemy hakupendwa katika mtaa wetu wa wafanyakazi pale Likasi, wala hakuomba kupendwa. Alikuwa akisimamia matangi ya asidi kiwandani, na mvuke ule ulikuwa umemkausha koo hata salamu yake ilitoka kama karipio. Mkewe, Henriette, alisema mumewe ana upole, ila anautumia ndani ya nyumba tu, usije ukaisha.

Mwaka ule binti yao Martine, wa miaka kumi na tano, aligonga kichwa kwenye nguzo ya chuma akicheza basketi. Adolphe, mwalimu wa timu, alimmwagia maji usoni akamrudisha uwanjani. Martine alicheza mpaka mwisho bila kujua goli lao ni lipi. Jioni alitapika. Asubuhi mwanga wa jua ulimuumiza kama mchanga machoni.

Muuguzi wa zahanati alisema alale siku moja mbili, kisha asiachwe kitandani kama gunia. Aamke, atembee kidogo ndani, achambue maharage. Kichwa kikianza kuuma, aache. Kuruka na mpira, bado, hadi maumivu yaishe kabisa. Pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona lingeweza kumuua.

Adolphe alikuja Ijumaa.

"Baba Martine, mutoto angali analala? Batu ya Kolwezi banakuja dimanche."

"Bakuje. Weye njo utacheza."

"Kichwa inauma, basi. Hata yangu inauma kila lundi asubui, nikienda ku kazi."

"Yako inauma juu iko tupu, Adolphe."

Alilitamka jina hilo kwa sauti, makusudi. Serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, na Adolphe, aliyetaka kila mtu amwite Citoyen, yaani raia, alitazama nyuma kama mtu aliyevuliwa shati barabarani. Akaondoka akisema binti huyo analelewa kwa uvivu, na kwamba Jumapili atakuja kumchukua mwenyewe.

Kesho yake Martine alijaribu kutembea sebuleni. Aliyumba, akajikwaa kwenye meza. Barthélemy alibeba meza akaitoa nje, kisha viti, kisha kabati la vyombo, akavipanga mbele ya nyumba ili mtoto apate nafasi. Akarudi ndani akafunga mapazia.

Hakufikiri. Kwetu vyombo vya sebule hutolewa nje kwa jambo moja tu: kilio, waombolezaji wapate pa kukaa chini. Na ilikuwa asubuhi ya salongo, mtaa mzima uko njiani na majembe, ukifyeka majani kwa amri ya chama. Jirani yao, Mama Georgette, aliona viti. Akatupa jembe, akashika kichwa, akaanza kulia jina la Martine. Kufumba na kufumbua wanawake walikuwa wamejaa pale, vitenge vimekazwa viunoni, wengine wakijiangusha vumbini.

Barthélemy alitoka. "Munalia nani?" Hakuna aliyemsikia.

Adolphe alifika mbio, akapiga magoti mbele ya kabati.

"Ni miye," alisema. "Aliniambia haone mupira muzuri. Miye nikamusukuma ku terrain. Ni miye nilimuua."

Kilio kikakatika. Mlango ulifunguka, na Martine akasimama pale, mkono mmoja ukutani, mwingine ukiziba macho.

"Papa, ambia bale bamama banyamaze. Kelele inaniumiza."

"Eh," alisema Mama Georgette, "maiti njo anatukaripia."

Adolphe alisimama, akapangusa magoti. Hofu ilimtoka, na uso wake wa kila siku ukarudi.

"Kumbe anatembea. Basi kesho anacheza."

Mama Georgette aliinama akaokota jembe lake. Machozi aliyomlilia Martine yalikuwa hayajakauka bado.

"Rudilia ile neno, Adolphe," alisema.

"Rudilia, Adolphe," wakasema wengine, wakisogea.

Hakurudia. Aliondoka kinyumenyume hadi njiani.

Barthélemy aliviacha viti nje Jumapili nzima, na umande ulikuwa umekwisha kuvimbisha mbao za kabati. Kila mpita njia alisimama akauliza ni nani aliyekufa.

"Bado hakuna," alijibu. "Uliza Adolphe."

Ndani, Martine alitembea kutoka ukuta hadi ukuta. Alipochoka, alikaa sakafuni na ungo wa maharage. Kelele za mechi zilipofika, Henriette alifunga dirisha.