Jirani Asiyepanda Baiskeli Zake

Jirani yangu ana baiskeli kumi na mbili za zamani na hapandi hata moja. Kila asubuhi hapa mjini Yazd huzifuta vumbi kwa kitambaa cha pamba, kipande cha sukari kati ya meno, chai ikipoa kando. Ile ya kijani, ya kike, huipapasa kwa mgongo wa vidole tu. Za aina hiyo zilitengenezwa arobaini tu, kiwanda kikafungwa. Aliitafuta miaka kumi na tisa mpaka akaipata hii, ikiwa bado na matairi yake ya kwanza.

"Usiiegemee, Bibi Haji," huniambia. "Mpira umezeeka."

"Umezeeka wewe. Mimi msichana bado."

Juzi nilimwambia nilichokuwa sijamwambia mtu. "Niliona moja kama hii dukani nikiwa na miaka kumi na miwili. Baba akasema barabara si ya wasichana."

Alichukua pampu, akayajaza upepo matairi yale, polepole, kama anayempozea mtoto uji. Kisha akashika usukani.

"Panda."

Nikakusanya baibui, nikakaa. Tuliuzunguka ua mara mbili. Mara ya tatu tairi la nyuma likapasuka. Nikataka kushuka.

"Kaa," akasema, akaendelea kusukuma.