Aliyesimama Chini ya Anga la Kijani

Watu wakisikia nilifanya kazi ya picha Doha hudhani nilikuwa nazunguka na kamera shingoni. Kamera gani? Mimi nilikuwa mtu wa kufuta. Miaka minne nilikaa chumba cha nyuma cha duka moja pale Al Sadd, mbele ya kompyuta, nikiwaondolea wateja wasichotaka kukiona: chunusi, tumbo, shemeji waliyekosana naye baada ya harusi. Sijivunii. Nasema mapema ili mtu asije akanihurumia mbele ya safari.

Chumba kile mwanamume hakuingia, hata bosi mwenyewe. Kule picha za wanawake wa nyumbani huonwa na wanawake tu, ndiyo sababu niliajiriwa mimi na Mfilipino mmoja. Mteja, madamu wa nyumba yake, alikuwa anakuja na kadi yake ya kamera, anakaa kando yangu, tunatengeneza pamoja, na kabla hajaondoka nafuta kila kitu mbele ya macho yake. Ilibaki faili moja tu, ile ya kuchapishwa, nayo ilifutwa siku aliyochukua mzigo wake. Duka lilijulikana kwa hilo. Nami niliiona sheria nzuri, maana hata mimi nisingependa picha za mama yangu zizagae.

Jumanne moja ya Februari akaja madamu mpole, mwenye sauti ya chini. Familia ilikuwa imerudi kutoka Norwe, walikokwenda kutazama zile nuru za kaskazini zinazocheza angani wakati wa baridi. Mumewe alipiga picha nyingi, na karibu zote zilikuwa za bure. Gizani kamera huhitaji sekunde kumi, kumi na tano, ndipo ishike mwanga, na anayetikisika hutoka ukungu. Watoto walikuwa ukungu. Madamu mwenyewe alikuwa ukungu wenye pua. Moja tu ilitoka safi: theluji mpaka chini ya mlima, anga la kijani limejikunja juu yake, na katikati mwanamke Mwafrika ndani ya koti la kiume linalomfika magotini, ameshika tochi, amesimama wima, uso wote unaonekana.

"Hii ndiyo ya majlisi," madamu akasema. Alitaka kuitundika chumba cha wageni, upana wa ukuta. "Huyo shaghala mtoe."

Shaghala ni mfanyakazi wa nyumbani. Nikamtoa. Nilichukua theluji ya kushoto nikaiweka alipokuwa, nikaziba hata nyayo zake, nikarudisha kipande cha mlima alichokificha. Madamu akasema mikono yangu ina baraka. Akataka na kadi yenyewe niisafishe, kwa kuwa zilizobaki hazikuwa na maana. Nikaisafisha, nikatabasamu. Tabasamu hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Ijumaa nikaenda kanisani Mesaimeer. Baada ya ibada, tukiwa nje tunasalimiana, akanijia dada mmoja ambaye hatukuwa tumekutana. Nilimtambua kabla hajafungua mdomo. Uso ule nilikuwa nimeutazama ukiwa umejaa kioo kizima cha kompyuta.

Alikuwa Mkamba, mtu wa nyumbani kabisa, na alipewa ruhusa ya kutoka mara moja kwa mwezi. Alikuwa amemsikia madamu wake akilitaja duka letu, na watu kanisani wakamwonyesha mimi. "Dada, sitaki nyingi," akasema. "Nataka moja tu, ile niliyosimama."

Binti yake wa darasa la pili alikuwa ameambiwa kwa simu kwamba mama alisimama chini ya anga la kijani. Mtoto akaenda kusema darasani. Mwalimu akacheka, wenzake wakacheka, na tangu siku hiyo jina lake shuleni ni Mwongo. Asubuhi haendi mpaka nyanya yake ashike fimbo. "Akiwa na picha mkononi wataziba midomo," akasema. "Nimeshamwahidi."

Nikamuuliza aliwezaje kutotikisika. Akasema bosi wake, mume wa madamu, alihitaji kitu cha kulengea kamera gizani, akamwambia simama pale na tochi, usisogee. Akasimama. Wao wakarudi garini kupasha mikono moto, na hakuna aliyemwambia imetosha. "Nilidhani bado wananipiga picha," akasema, akacheka. Miguuni alikuwa na raba. Kidole kimoja mpaka siku hiyo kilikuwa hakina hisia.

Yeye alicheka. Mimi nilichemka. Nilimkasirikia huyo bosi aliyemgeuza binadamu kigingi, na madamu na upole wake, na duka na sheria yake nzuri. Mmoja nimfiche kwa heshima, mwingine nimfute kama doa, na kazi zote mbili nizifanye kwa mkono uleule. Wanasema asiyekujua hakuthamini. Sawa, lakini mimi nilimjua. Nilimwona pale ni dada wa watu, pengine Mkenya mwenzangu, nikajitia hamnazo. Hata kuuliza "Kwa nini asibaki?" sikuuliza, na kuuliza kusingeniua.

Siku ile sikumwambia. Nilisema nitaangalia. Jumamosi nikapekua kompyuta yote, hamna. Ilikuwepo ile faili ya kuchapishwa peke yake, theluji tupu. Nikavunja sheria, nikachapa nakala ndogo, nikaificha ndani ya Biblia. Mwezi mzima nililala nayo kitandani kwangu, mtaa wa Bin Mahmoud, nikigombana na kila mtu chumbani kwa mambo ya sufuria.

Alipokuja tena nikamweleza yote bila kupamba: ni mimi niliyekufuta, na picha yenyewe haipo tena. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa.

"Ulifanya kazi yako, dada," akasema. Maneno hayo yaliniuma kuliko tusi.

Akaishika ile nakala, akaitazama, akaweka kidole. "Nilikuwa hapa." Ndipo hasa nilipomtoa. Akaomba kalamu aandike "Mama" palepale kwenye theluji, mtoto apaone. Nilijua karatasi ile inayong'aa haishiki wino wa biki, nimewaambia wateja miaka yote, lakini nikampa. Akaandika, wino ukateleza. Akaandika tena, akakandamiza. Ikabaki mikwaruzo isiyosomeka.

Akanirudishia kalamu yangu. "Ilikuchukua muda gani kunitoa?"

Nikamwambia ukweli. Nilikuwa nimemimina chai madamu alipofungua pochi kutoa kadi ya kamera, na nilipomaliza kumtoa chai ilikuwa bado moto.