Meno ya Bi Gurjia

Pipa la maji lilikuwa likichemka uani mwa sinagogi tangu saa mbili asubuhi, na foleni ilikuwa imefika kwa muuza mboga, Bi Gurjia Shamash alipotokea na sufuria saba, mwiko mmoja, na meno yake ndani ya leso.

Meno yenyewe yalikuwa ya bandia, ya juu na ya chini. Bi Gurjia alipenda kusema kwamba kwa miaka kumi na moja yamemkaa vizuri kuliko marehemu mume wake alivyowahi kukaa nyumbani. Kila mwaka, siku moja kabla ya Pasaka, mtaa wetu wote wa Or Yehuda, sisi Wayahudi wenye asili ya Baghdad, hujipanga hapo, vyombo vichovywe kwenye maji yanayotokota, chachu ya mwaka mzima itoke, mtu aingie sikukuu na jiko safi. Vyombo, jamani! Sufuria, vijiko, visu. Meno hakuwahi kuyaleta mtu.

Lakini usimcheke yeye. Mcheke mwanawe.

Menashi alizaliwa hapa hapa, akakua kwa wali na kuku wa Jumamosi, akanenepa vizuri tu. Dini alikuwa nayo kama sisi sote. Siku moja akaenda Bnei Brak kununua viatu, akarudi na dini ya watu wengine, Wayahudi wenzetu lakini wale wa makoti marefu meusi ambao babu zao walitoka kwenye theluji na hawajui ndimu kavu ni kitu gani. Akaoa huko huko. Na tangu hapo, miaka minne mizima, hakutia kinywani hata punje ya chakula cha mama yake, eti jiko lake si safi kwa sheria zao. Anakuja, anakaa, anauliza hali, anakunywa maji kwa kikombe cha plastiki alichokuja nacho mfukoni, anaondoka. Mama anabaki na sufuria imejaa, anamwita Latifa wa jirani aje wamalize.

Mwaka huu akapiga simu. "Mama, ukifuata masharti yetu yote, tutakuja Pasaka, na tutakula."

"Mtakula nini?"

"Chakula chako."

Bi Gurjia aliketi kitako sakafuni, simu sikioni. Masharti yakaja kesho yake, yameandikwa, thelathini na moja. Akayafuata yote. Alichoma oveni kwa moto wa gesi mpaka kishikio kikayeyuka. Alizifunika meza, makabati na bomba kwa karatasi ya foili, jiko likang'aa hadi paka akagoma kuingia. Alitupa mwiko wa bibi yake uliotoka Baghdad, akalia, akaenda kuuokota kwenye taka, akalia tena, akautupa mara ya pili. Sharti la kuacha wali ndilo lililomtoa roho.

"Sisi tunakula wali Pasaka tangu Baghdad!" alimfokea Menashi kwenye simu. "Tunauchagua mchele mara tatu, punje kwa punje, isibaki hata ngano moja!"

"Sisi hatuli, mama."

"Sisi kina nani? Mimi niliyekuzaa si sisi?"

Bi Gurjia akaubeba mfuko wa mchele, akampelekea Latifa mlangoni kama anayempeleka mtoto bweni.

Kisha Jumanne, kila kitu kimekwisha, simu ikalia tena. "Mama, samahani. Na meno?"

"Meno gani?"

"Yale ya bandia. Si yametafuna mkate mwaka mzima? Mkate wa moto, mama."

Haya. Ndiyo maana alikuwa kwenye foleni na leso.

"Mama Menashi, hiyo nini?" aliuliza Fuad, fundi bomba, ambaye kila mwaka hushika koleo na wavu wa kuchovyea.

"Chovya."

Fuad akafunua leso, akafunika upesi. "Toba! Hakham Sasson! Njoo huku!"

Hakham Sasson, rabi wetu, alikuja anajifuta jasho. Ni mtu mpole, hukumu zake fupi. "Bibi, yasugue kwa brashi, yamwagie maji ya moto kidogo, inatosha."

"Inatosha kwako. Bnei Brak haitoshi."

"Bibi, nakuambia mimi rabi wako."

"Na mimi nakuambia mwanangu hajala kwangu miaka minne! Akija kesho akaniuliza, nimwambie nini? Nimesugua?"

Foleni nzima ikawa na maoni. Mmoja akauliza kama hayo meno ni ya nyama au ya maziwa, maana kwetu viwili hivyo havichanganywi. Latifa, aliyekuwa nyuma na birika lake, akasema kwa kweli shoga yake angepaswa kuwa na seti mbili, moja ya nyama na moja ya jibini, na makabati mawili ya kuyawekea. Mzee mwingine akatoa yake mdomoni palepale, akayatazama, akayarudisha kwa wasiwasi. Rabi akasema anakwenda kunywa chai, na akaenda kweli.

Fuad akayaweka kwenye wavu. Akayazamisha. Kwa vile wengine walimsisitiza afanye kazi kamili, akatumbukiza na lile jiwe la moto, ambalo hutiwa ili maji yafurike mpaka ukingoni. Maji yakapanda kwa kishindo. Wavu ulipotoka, ya juu yalikuwa yamejikunja kama sikio la mbuzi, na ya chini yameshikana na kijiko cha mtu.

"Sasa ni safi," alisema Fuad kwa sauti ndogo.

Daktari wa meno alikuwa amekwisha kwenda Saiprasi kwa sikukuu. Bi Gurjia alirudi nyumbani akapika hivyo hivyo, mdomo umeingia ndani, hasira imemjaa. Alipika kubba, yale madonge ya nyama, akayafinyanga kwa viazi badala ya mchele, akayatosa kwenye mchuzi mwekundu wa bitiruti. Akachemsha asali ya tende, akaichanganya na kokwa za jozi zilizosagwa. Akaonja kwa ulimi. Kwa ulimi tu aliweza.

Kesho yake jioni, kabla jua halijazama, Menashi aliingia na mkewe Gitel, na mtoto wao Breindi wa mwaka mmoja, na mfuko. Akaubusu mlango, kama desturi yetu, akambusu mama, kisha akaanza kutoa kwenye mfuko vifurushi vya chakula vilivyofungwa foili. Kimoja. Viwili. Vitano.

"Nini hivi?" aliuliza Bi Gurjia.

"Tahadhari tu, mama. Mashaka yakitokea."

Mungu anisamehe, ningekuwa mimi ningemtoa na mfuko wake. Bi Gurjia alitaka kusema maneno mazito sana, lakini hasira bila meno hutoka upepo mtupu.

Menashi akamtazama. "Mama, mbona unaongea hivyo? Meno yako wapi?"

"Uliniuliza. Nikayachemsha."

Akamwonyesha sahani ya kioo kwenye kabati, meno yaliyojikunja yakiwa juu yake. Menashi akaitazama muda mrefu. Masikio yakamwiva. Gitel akakohoa, akamgeukia mtoto.

Wakakaa. Wakasoma, wakaimba, wakanywa divai, mpaka ikafika zamu ya matza, mkate usio na chachu, ambao usiku huo kila mtu lazima aule, hata kama ni kipande kidogo tu. Menashi alikuja na wa kwao, uliookwa kwa mkono, mnene na mkavu kama kigae cha paa. Bi Gurjia akatia kipande mdomoni. Akakigeuza upande huu, akakigeuza upande ule. Kikamchoma ufizi. Machozi yakamtoka, naye akaendelea kukisukuma na ulimi, maana ni amri.

"Acha, mama, utaumia," alisema Menashi. "Mtu asiye na meno anaruhusiwa kuuloweka kwenye maji."

"Basi nilowekee."

Kwa watu wa Menashi, matza haiguswi na maji wiki nzima, wakihofia unga usije ukaumuka. Haisogezwi hata karibu na glasi. Huliwa ndani ya kimfuko, chembe isije ikadondokea supu. Menashi alimtazama mama yake, akautazama mkate, akazitazama foili zake tano.

"Menashi," alisema Gitel, na ndiyo mara ya kwanza nimewahi kusikia habari kwamba aliinua sauti. "Huyo ni mama yako. Loweka."

Akainuka. Akafungua droo ya mama yake, akachukua bakuli lake na kijiko chake. Akavunja matza, akamimina maji. Akakoroga. Akaketi mbele ya mama, akachota kijiko, na kabla ya kukipeleka, akakitia kinywani mwake mwenyewe kuona kama kimelainika, kama anavyofanya kila asubuhi kwa uji wa Breindi.

Akaganda na kijiko mdomoni.

"Umemeza?" aliuliza Bi Gurjia.

"Nimemeza."

"Iliyolowa?"

"Iliyolowa."

"Kwa kijiko changu?"

Menashi akaitika kwa kichwa. Wote watatu wakangoja kidogo. Breindi akapiga meza kwa kiganja, akacheka. Dari lilibaki mahali pake.

Basi akachota tena, akamlisha mama yake polepole, anamfuta kidevu kwa kidole, mpaka bakuli likaisha. Kisha, walipofika kwenye chakula, Menashi hakugusa vifurushi. Alikwenda jikoni mwenyewe, akafunua sufuria, akasimama pale mvuke unampiga usoni. Akala donge la kwanza amesimama, kwa mkono, mchuzi mwekundu unamdondokea shati jeupe la sikukuu. Akala la pili. Bi Gurjia alikuwa amemfuata hadi mlangoni, na taya zake tupu zilikuwa zinakwenda pamoja na za mwanawe, juu na chini, bila mwenyewe kujua.

"Mama," alisema Menashi, kinywa kimejaa. "Chumvi imezidi."

Miaka minne hakuna mtu aliyemlalamikia chumvi. Bi Gurjia akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili, akalia kwa sauti mpaka Latifa akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

"Imezidi, ee?" alisema alipopata pumzi. "Lete sahani."

Akamwongezea matatu.