Fundi wa Seva

Fundi wa kompyuta wa kliniki yetu huku Newala huvua viatu kabla ya kuingia chumba cha seva, na akiwa humo hunong'ona tu. Vitufe huvigusa kama mtu anayeonja uji wa moto. Juzi umeme ulikatika. Uliporudi, seva iliwaka, ikaanza kurejesha kumbukumbu za wagonjwa, ikafika katikati, ikazima. Akaiwasha tena, ikazima palepale. Mama Fikirini, aliyekuja kuchukua majibu ya kipimo chake cha ultrasound cha jana, akachungulia mlangoni.

"Baba, nina mimba au sina?"

"Vumilia, mama," alinong'ona fundi. "Inajaribu kukumbuka."

Alikuwa ameloa jasho. Akapekua mpaka akalipata faili lililoharibika, lile lililokuwa likiiangusha kila inapojiwasha, akaliweka kando. Safari hii seva ikapita katikati, ikaamka. Tukapiga makofi.

"Shhh! Mtaishtua!"

"Basi niambie kwa sauti ndogo," akasema Mama Fikirini.

Fundi akainamia skrini, akasoma, macho yakamtoka.

"Mapacha!" akapiga kelele, hata walioko barabarani wakageuka.