Mikorosho ya Mama Mmoja

Mtu akishangaa kwamba watoto wa mama mmoja hawafanani, mimi hukumbuka shamba la majaribio karibu na kijiji cha Mute, wakati wa vita vya ukombozi. Wareno walikuwa wametukusanya ndani ya ua wa senyenge, na humo humo wakapanda miche ya mikorosho, kila mstari kwa mbegu za mti mmoja. Sisi tulimwagilia.

Asubuhi moja bwana shamba, mgeni kutoka kusini, alipima mstari mmoja kwa rula, akaguna. "Mama mmoja, udongo mmoja, maji yale yale. Mbona huu umenifika gotini na huu umedumaa?"

Mama mmoja mwenye ndoo akacheka. "Hata mimi nimezaa wawili, bwana. Mmoja yule pale." Akabinua midomo kuelekea getini, aliposimama askari wa serikali.

"Na wa pili yuko wapi?"

Tukaacha kumwagilia. Kijiji kizima kilijua kwamba wa pili yuko msituni na wapiganaji. Ambaye angetamka hilo angelala gerezani.

Mama akatazama ndoo yake. "Wa pili hakuupenda udongo huu."

Bwana shamba hakuelewa. Akamgeukia askari. "Ndugu yako yuko wapi?"

Askari akahamishia bunduki bega la pili, taratibu. "Alikufa mdogo, bwana. Surua."

Bwana shamba akawapa pole, akainama tena na rula yake, akitafuta watoto wa mama mmoja wanafanana wapi. Sisi tulikuwa tumeshaona.