Vigoda vya Mti Mbichi

Fundi vigoda wa mtaa wetu alikuwa na sharti moja: hachongi mti ambao haujalala darini misimu miwili ya mvua. Mti mbichi ni laini, patasi inaingia kama kwenye sabuni, na ndiyo maana wavivu wanaupenda. Baadaye unakauka ndani ya nyumba ya mtu, unapasuka.

Sharti hilo alilishika tangu ujana wake, akalivunja mara moja tu. Majirani walitaka vigoda vya jikoni, tena walivitaka upesi. Darini hapakuwa na kitu isipokuwa mbao nene za mvule, na hizo alikuwa amemwahidi mkewe kuwa za kitanda. Uani kulikuwa na gogo lililoangushwa juzi. Akachonga gogo.

Vigoda vilipendeza, watu wakasifu. Kiangazi kilipoingia, mshonaji wa nyumba ya pili alikuja na chake kichwani.

"Fundi, kigoda chako kinauma."

"Kinauma vipi, dada?"

"Kina meno! Nikikaa ufa unafumbuka, nikiinuka unanibana. Na mahali penyewe siwezi kukuonyesha."

Mke wa fundi, aliyekuwa akifagia maranda, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Fundi hakucheka. Alipitisha kidole kwenye ufa, akajua vigoda vingine vyote viko njiani kurudi.

"Tia gundi na vumbi la mbao," mshonaji akasema. "Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe si hukikalii!"

Wapo mafundi ambao wangetia gundi na kulala usingizi. Siwaheshimu. Anayeuza ufa uliofunikwa anauza uongo, hata kama uongo wenyewe umepigwa msasa.

Lakini mti mkavu ulikuwa ule wa darini tu, na haukuwa wake peke yake. Kitanda chao kilisimama kwa miguu mitatu na rundo la matofali. Mshonaji alipoondoka, fundi alikaa kizingitini. Mkewe alimtazama, akatazama dari.

"Unazitaka mbao zangu."

"Nilikuahidi, mke wangu."

"Uliniahidi, halafu ukafanya haraka. Hiyo haraka ndiyo inayoniudhi." Akaweka ufagio chini. "Panda uzishushe. Sitaki kupita mtaani nikimuuliza kila mwanamke ameumwa wapi."

Fundi alichonga upya vyote, akavibadilisha nyumba kwa nyumba bila kungoja kuitwa. Vile vya zamani alivipasua kuni mbele ya wenyewe. Kisha mkewe akachagua gogo jingine, akalipaka nta kwenye ncha kwa mkono wake ili lisikauke kwa pupa, akaandika ubavuni kwa mkaa: KITANDA. Wakalipandisha darini pamoja, mmoja akisukuma, mwingine akivuta, wakigombana njia nzima kama vijana.

Vigoda vipya havijamuuma mtu. Gogo bado halijakauka. Haraka ya fundi ilimnyima mkewe kitanda, na mpaka sasa wote wawili wanalala juu ya matofali.