Maneno Nyuma ya Mlango wa Jikoni

Mke wangu alisafisha ofisi moja ya mizigo miaka ishirini na sita. Hiyo ndiyo kazi yake wanayoijua watu. Ile nyingine naiandika hapa, kwa sababu niliificha mimi.

Yeye alimaliza darasa la saba. Mimi hata la kwanza sikulikanyaga. Tulipooana nilikuwa kuli katika ghala la kampuni hiyo hiyo: yeye juu na ndoo na dekio, mimi chini na magunia. Alikuwa mfupi, tena mtu wa kucheka kabla hajamaliza mzaha wake mwenyewe. Akideki chini ya meza za makarani, alisoma makaratasi yaliyotupwa kapuni. Asilolielewa aliuliza. Makarani walidhani anapiga soga.

Jioni, sufuria ikiwa motoni, alichukua chaki akaandika nyuma ya mlango wa jikoni. Neno moja kwa siku. Ndivyo nilivyojifunza kusoma, na ndiyo maana hadi leo herufi kubwa nazijua kuliko ndogo. Makaratasi ya mizigo ni herufi kubwa tupu.

"FCL," alisema. "Kontena zima la mwenye mali mmoja."

"Na LCL?"

"La kuchangia. Mzigo wako, wa huyu, wa yule. Kama choo chetu na wapangaji wenzetu."

Siku ya ETA alininyooshea chaki usoni. "Hii ni siku ambayo meli inakadiriwa kufika. Nimesema inakadiriwa, baba watoto. Usiende kumwapia mtu." Siku ya CBM, yaani mita za ujazo, alipima kitanda chetu kwa kamba. Urefu, upana, kimo. "CBM moja na nusu," akasema, "na bado usiku unanibana ukutani."

Binti yetu alikuwa mdogo. Alikaa chini, mgongo kwenye kizingiti, akifuatisha herufi kwa kidole. Ndiye aliyemwita mamake Mama Chaki. Mtaa mzima ukalidaka.

Siku moja ulitoka mzigo wa vigae. Karani wa ghala alitaka upakiwe wote kwenye lori moja la tani kumi. Karatasi alikuwa nayo mkononi. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikaona anapoweka kidole.

"Hapo ni NW," nikamwambia. "Uzito wa vigae vyenyewe. Makasha na mbao hazimo. Tazama GW, uzito wa vyote pamoja."

"Kuli ananifundisha kazi!" Wenzangu wakacheka. Meneja akaja, akaitazama karatasi. GW ilikuwa tani kumi na moja na ushei. Akaniita ofisini.

"Umesoma wapi wewe?"

"Sijasoma, bosi."

"Sasa haya nani kakufundisha?"

Mlango ulikuwa wazi. Mke wangu alikuwa pale ukumbini, anadeki, amenipa mgongo. Makuli wawili walikuwa dirishani wananichungulia. Nikawaona tayari wanavyosema huyu anafundishwa na mwanamke.

"Nimejifundisha mwenyewe," nikasema.

Meneja akafurahi. Akasema wanatafuta pia mtu wa kupanga makaratasi ya forodha huko juu. "Mkeo naona hupenda kuchungulia makaratasi. Anajua kitu?"

"Yule? Anaangalia mihuri tu, bosi."

Dekio likasimama. Kisha likaendelea.

Jibu la kwanza najua lilitoka wapi. Ni aibu. La pili ni baya zaidi. Niliogopa akikaa kwenye meza siku moja tu, itajulikana nani mwalimu.

Jioni ile alinipakulia kama kawaida. Nikangoja. Hakushika chaki.

"Leo neno gani, mama watoto?"

"Leo hakuna. Mwalimu wako si wewe mwenyewe? Jifundishe." Akaiweka chaki juu ya fremu ya mlango. Akacheka, lakini safari hii alicheka baada ya kumaliza.

Nilifanywa karani wa ghala. Nikapewa meza. Jumatatu na Alhamisi alikuja kudeki chini yake, nami nikainua miguu apite. Miaka kumi na minane niliinua miguu.

Maneno yote ya mlangoni niliyaandika kwenye karatasi kubwa, nikaibandika ukutani ghalani. ETD, siku ya kuondoka. POL, bandari ya kupakilia. POD, bandari ya kushushia. Yote yale. Waajiriwa wapya walijifunzia hapo. Wakaiita Karatasi ya Mzee.

Nilitaka kumwomba radhi. Mara tatu nilitaka. Alipougua akalazwa hospitalini, nilikaribia kabisa. Nikamsogelea, nikamshika mkono. Akasema, "Baba watoto, maji." Nikaenda kuleta maji. Njiani nikashukuru kwamba amenituma.

Siku tatu baadaye alikufa.

Mazikoni walikuja watu wa kampuni. Meneja wa sasa ni mama mmoja aliyeanza pale kama karani mdogo. Alisimama kutupa pole. Akasema amekuja kwa ajili ya marehemu, na kwa ajili ya mzee wetu aliyejisomesha mwenyewe. Binti yangu akanitazama.

Lililokuwa moyoni alilisema baada ya mwezi, ilipokuja barua. Kampuni inataka kuichapa ile karatasi iwe kijitabu, jina langu likae juu. Binti akanisomea. Akaikunja.

"Baba, mlango ule nimeukalia mimi."

"Najua."

"Basi usiniambie mimi. Nenda ukawaambie wao."

Nikaenda. Nilivaa koti nililovaa mazikoni. Yule mama akanivutia kiti, akaagiza chai. Nikamwambia kabla chai haijafika, maana ningekunywa ningenyamaza. Nikamwambia yote, mpaka ile ya mihuri.

Akavua miwani. "Mzee, tulijua."

"Nani alijua?"

"Sisi makarani. Nilipoanza nilikuwa nachanganya POL na POD. Mama Chaki ndiye aliyenisahihishia, dekio mkononi. Nikamwambia, dada, kwa nini huombi kazi ya meza? Akanijibu, 'Nikiomba nitaonyesha kuwa mume wangu ni mwongo.' Akatukataza kusema."

Chai ikaja. Sikuigusa. Miaka yote nilidhani siri ile nimeibeba mimi.

"Sasa jina gani liandikwe?" akauliza, taratibu.

Nikaomba kalamu. Nikaliandika lake mwenyewe, herufi kubwa zote, na la babake. Chini nikaongeza Mama Chaki.

"Na wewe tukuweke wapi, mzee?"

"Mimi niliwekwa vya kutosha."

Kijitabu kimeletwa juzi. Kina kurasa kumi na mbili, na jina lake liko juu. Mkwe wangu alitaka kuupaka rangi mlango wa jikoni. Nikamkatalia. Herufi chache bado zinaonekana ukisimama upande wa dirisha. Nilisimama hapo nikakisoma chote, neno kwa neno, nikitafuta kosa. Sikuliona. Yeye angeliona.